Boila ya maji iliyochakaa: itengenezwe au inunuliwe mpya?

Boila ya umeme ya tangi, ile inayotundikwa ukutani na kuhifadhi lita 30 hadi 150 za maji ya moto, ni vitu vya aina mbili vilivyoshikana. Kuna vinavyofungwa kwa bolti na skrubu: elementi (inayopasha maji), themostati (inayokata umeme maji yakifika joto lililowekwa), anodi (fimbo ya metali inayoliwa na kutu badala ya tangi), gasketi (mpira wa kuziba), vali ya usalama (inayotoa maji shinikizo likizidi) na nyaya. Hivi huchakaa, na vyote vina vipuri. Halafu kuna tangi lenyewe: chuma kilichopakwa enameli kwa ndani, kikazungushiwa povu la kutunza joto, kisha kikavikwa bati. Tangi halina kipuri. Likitoboka boila imekwisha, hata kama vingine vyote vilibadilishwa juzi.

Ndiyo maana kuuliza boila ina miaka mingapi hakutoshi. Matangi mengi ya enameli hudumu miaka 8 hadi 12. Yaliyobadilishiwa anodi kwa wakati huvuka 15, na yaliyosahaulika kwenye maji makali hutoboka mapema zaidi. Unapoiona dalili yoyote, jiulize kwanza: imetoka kwenye tangi, au kwenye kitu kilichofungwa juu yake? Jibu la hapo ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

Kabla ya kufungua mfuniko

Zima breka ya boila kwenye ubao wa umeme, usitegemee swichi ya ukutani peke yake. Swichi nyingine hukata waya mmoja tu, na kama nyaya zilipinduliwa wakati wa kufunga, waya wa moto unabaki hai ndani ya boila. Ukishatoa mfuniko, pima kwa multimita (kipimio cha umeme): moto na nyutro, moto na arthi, nyutro na arthi. Kote isome sifuri. Kwanza ijaribu multimita yenyewe kwenye soketi unayojua ina umeme, maana multimita mbovu nayo husoma sifuri.

Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa takribani sekunde 5, na ya mtoto mapema zaidi. Acha boila ipoe, au fungua bomba la maji ya moto hadi yatoke ya baridi. Ili kuimwaga, funga koki ya maji yanayoingia, fungua bomba la maji ya moto lililo karibu ili hewa iingie, kisha inua mkono wa vali ya usalama maji yatoke kwa chini. Bila hewa kuingia juu, maji hukwama ndani, na mtu anayefungua flanji (sahani ya chuma inayoshikilia elementi kwenye tangi) akidhani tangi ni tupu huoga yote.

Inavuja

Hii ndiyo dalili inayowafanya watu watupe boila nzima na kubaki na boila mbovu, kwa sababu maji hutiririka kati ya povu na bati na kutokea mbali na yalikoanzia. Usihukumu kwa kuangalia tone linapodondokea. Kausha nje yote kwa kitambaa, zungushia karatasi ya chooni kwenye kila kiungo, weka gazeti chini, kisha rudi baada ya saa chache uone karatasi ipi imelowa kwanza.

Kama ni kiungo cha bomba, umepona kwa gharama ndogo: fungua, safisha nyuzi, zungushia tepu mpya ya mabomba, kaza. Angalia hali ya nyuzi za tangi lenyewe wakati umefungua. Zikiwa zimeliwa na kutu kiasi kwamba nati haishiki, hilo si tatizo la kiungo tena, ni la tangi.

Vali ya usalama inayodondosha maji huwatia watu hofu bila sababu. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa karibu asilimia 1.5, kwa hiyo boila ya lita 80 lazima itoe lita moja na kidogo kila inapopasha tangi zima. Vali ina kizuizi kinachozuia maji yasirudi nyuma kwenye bomba la baridi, hivyo ziada hiyo haina pa kupitia ila tundu la vali. Matone yakitokea wakati wa kupasha tu na kukoma baadaye, vali inafanya kazi yake. Unganisha mpira mwembamba uelekee kwenye mfereji, uende kwa kushuka, na mwisho wake uwe wazi daima.

Ikidondosha hata boila ikiwa imezimwa na maji ni ya baridi, kuna sababu mbili. Ya kwanza ni uchafu au chokaa kwenye kikalio cha vali: inua mkono wake mara kadhaa, maji yapite kwa nguvu kwa sekunde chache, uone kama itakaa. Ya pili ni shinikizo la maji kuwa kubwa. Vali nyingi za boila hizi hufunguka kwenye bari 8, ambazo kwenye chuma chake huandikwa 0.8 MPa, ingawa zipo za 6 na 7. Funga geji kwenye bomba lolote la nyumba na usome usiku, wakati watumiaji ni wachache na shinikizo limepanda. Likivuka bari 5, weka kipunguza shinikizo kwenye bomba linaloingia na ukirekebishe kiwe bari 3 hivi. Shinikizo linalopanda na kushuka kila siku huchosha maungio ya tangi, kwa hiyo kipunguza shinikizo kinaokoa boila iliyopo na inayokuja. Vali ikikataa, nunua mpya. Kuiziba kwa plagi kumewahi kuua watu: tangi lililofungwa pande zote, likapasha bila kukoma, hupasuka.

Maji yakiwa ndani ya mfuniko wa nyaya, na kuna duara la chumvi nyeupe au kutu kuzunguka elementi, ni gasketi ya flanji. Gasketi ni ya kutumika mara moja. Kila flanji inapofunguliwa, hata kwa ukaguzi tu, funga mpya. Safisha pande zote mbili bila kukwangua enameli, panga gasketi ikae sawasawa, kisha kaza nati kwa kupishana: moja, halafu inayokabiliana nayo, mzunguko mzima kidogo kidogo. Ukikaza nati moja hadi mwisho kabla ya nyingine, gasketi hujikunja upande mmoja na itavuja wiki hiyo hiyo.

Kinachobaki ni tangi. Dalili zake: maji ya rangi ya chai yanayotoka kwenye mshono wa bati au kwenye tundu dogo la chini, wakati viungo vyote, vali na flanji ni vikavu, povu lililolowa ukilibonyeza, bati lililovimba au kuota kutu kutokea ndani. Hapa usitumie hata senti moja ya matengenezo. Kuchomelea hupasua enameli kuzunguka sehemu iliyopata joto, na tundu jipya hutokea kando ya kiraka. Povu nalo huungua na kutoa moshi wenye sumu. Gundi za epoksi zinazouzwa kwa kuziba matangi hubanduka, kwa kuwa chuma hutanuka na kusinyaa kila siku kwa joto, na nyuma ya gundi kuna shinikizo lisilolala.

Breka inaruka

Tazama ni breka ipi. Ile yenye kitufe cha kujaribia kilichoandikwa T hukata umeme unapovuja kwenda arthi, na kwa nyumba huwa imewekwa ikate kwenye miliampea 30. Ikiruka hiyo, mshukiwa wa kwanza ni elementi: ganda lake limepasuka na maji yamegusa waya wa ndani. Ikiruka breka ya kawaida, tafuta nyaya zilizogusana au nguzo ya elementi (pale waya unapofungwa) iliyoungua.

Zima, chomoa nyaya mbili za elementi, zifunge ncha kwa viunganishi vyenye kihami, kisha washa. Breka ikitulia, ni elementi. Ikiendelea kuruka, tatizo liko kwenye waya, swichi au themostati, na elementi haina kosa.

Kipimo cha elementi kina hatua mbili, na wengi huishia kwenye ya kwanza. Pima ukinzani kati ya nguzo zake mbili. Kwa umeme wa volti 230, elementi ya wati 1,500 isome karibu omu 35, ya wati 2,000 karibu 26, na ya wati 3,000 karibu 18. Multimita ikionyesha haina mwisho, waya wa ndani umekatika. Lakini elementi inaweza kusoma vizuri hapo na bado inavujisha umeme. Hatua ya pili ni kupima kati ya nguzo moja na ganda la chuma, ambako multimita isisome chochote. Zipo elementi zinazopita hata kipimo hicho zikiwa baridi, kisha zikarusha breka dakika kumi au ishirini baada ya kuwashwa, kwa sababu ufa hufunguka kwa joto. Hizo hukamatwa na mega (kipimio cha uvujaji wa umeme) ya volti 500, inayopaswa kuonyesha zaidi ya megaomu 1. Elementi nzima huonyesha zaidi sana ya hapo.

Hitilafu hii, hata ikitisha kiasi gani, ni ya kipuri. Elementi mpya, gasketi na anodi hubadilishwa kwa mkupuo mmoja na boila inarudi kazini. La kusisitiza ni kwamba boila isiyo na waya wa arthi haistahili kuwashwa, iwe ya jana au ya miaka ishirini. Elementi ikipasuka bila arthi, umeme hutafuta njia kupitia maji ya shawa. Kwa hiyo ukikuta nyaya mbili tu zimeletwa kwenye boila, hilo ndilo tengenezo la kwanza.

Nyaya zilizoungua kwenye nguzo zina sababu ya kawaida sana: skrubu iliyolegea. Elementi ya wati 3,000 huvuta ampea 13 kwa saa nzima mfululizo, na muunganisho uliolegea huchemka. Kata waya hadi ufikie shaba inayong'aa, bana kiunganishi kipya kinachostahimili joto, kaza. Waya uwe wa milimita za mraba 2.5 angalau, na swichi iwe ya kukata nyaya zote mbili, ya ampea 20. Plagi ya kawaida ya ukutani haifai kwa mzigo huu wa kila siku.

Haipashi kabisa

Fuata umeme unakotoka kuelekea kwenye elementi, usianze kununua vipuri kwa kubahatisha. Hatua ya kwanza na ya pili hupimwa umeme ukiwapo, na kama hujawahi kupima nguzo zenye umeme, mwachie fundi.

1. Pima volti kwenye nyaya zinazoingia kwenye boila. Kama hakuna, ni breka, swichi au waya.
2. Pima baada ya themostati, kwenye nguzo za elementi. Umeme ukiwapo na maji hayapati moto, elementi imekatika.
3. Umeme ukiingia kwenye themostati lakini hautoki, zima breka na ubonyeze kitufe kidogo cha kurejesha. Kikitoa mlio mdogo, kikinga joto kilikuwa kimekata.
4. Kisiporudi, au kikirudi na umeme bado haupiti huku maji ni ya baridi, badilisha themostati. Nunua yenye urefu ule ule wa kijiti cha kuhisi joto na ampea zile zile.

Kikinga joto hukata maji yanapokaribia nyuzi 85 au 90. Kikiruka mara moja baada ya miaka, rejesha na uendelee. Kikirudia, kina sababu: migusano ya themostati imegandana na haikati, chokaa imefunika kifuko kinachoingia kijiti cha themostati ikawa haihisi joto la maji, au boila ilipashwa ikiwa haijajaa. Kukiunganisha moja kwa moja kwa waya ili "kisisumbue" ni kuondoa ulinzi wa mwisho kabla ya vali.

Maji yanayotoka yakifoka mvuke ni hitilafu hiyo hiyo ikiwa imefika mbali: zima breka, usifungue mabomba, subiri ipoe kabisa, badilisha themostati, na vali ya usalama pia kwa sababu imepigwa na joto lisilo lake.

Vuguvugu, au yanaisha mapema

Hapa hesabu fupi huokoa fedha nyingi. Kupasha lita moja kwa nyuzi moja kunahitaji wati-saa 1.163. Zidisha lita kwa nyuzi za kupandisha, kisha kwa 1.163, ugawe kwa 1,000: unapata uniti za umeme. Lita 80 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni 80 × 40 × 1.163 ÷ 1,000, yaani uniti 3.7. Elementi ya wati 2,000 itachukua saa 1 na dakika 50 hivi. Pima muda halisi, tangu kuwasha hadi taa ya kupasha izime.

Muda ukilingana na hesabu, elementi ni nzima, na kuibadilisha hakutasaidia kitu. Ukiwa karibu mara mbili, pengine boila ina elementi mbili na moja imekufa, au umeme unaofika ni dhaifu: volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, nguvu hushuka kwa karibu robo. Taa ikizima mapema mno na maji ni vuguvugu, themostati imewekwa chini au imechoka. Iweke kwenye nyuzi 60, usishushe zaidi kwa nia ya kubana matumizi. Bakteria wa Legionella huzaliana katika maji ya vuguvugu, takribani nyuzi 20 hadi 45, na kwenye 60 hufa. Ukitaka maji ya kuoga yasiunguze, changanya kwenye bomba, usipoze tangi.

Boila ikipasha kwa muda ufaao na maji bado yanaisha haraka, jaribu hivi: funga koki ya maji ya baridi inayoingia kwenye boila, kisha fungua bomba la maji ya moto. Baada ya muda mfupi yakome kabisa. Yakiendelea kutiririka, kuna bomba la kuchanganya mahali fulani ndani ya nyumba linalopitisha maji ya baridi upande wa moto, mara nyingi shawa iliyofungwa kwa mkono wa mbele huku koki za ukutani zikiachwa wazi. Boila nyingi nzima zimeng'olewa kwa kosa la kipande cha mpira ndani ya shawa.

Yakikoma vizuri, mshukiwa ni mrija wa maji ya baridi ulio ndani ya tangi. Kazi yake ni kuyatoa maji mapya chini kwa utulivu ili yasichanganyike na ya moto yaliyo juu. Ukivunjika au kujaa chokaa, maji ya baridi hupenya hadi juu na kupoza maji ya tangi zima kwa dakika chache. Kwa baadhi ya boila hubadilishwa kupitia tundu la kuingizia. Kwa nyingine umekazwa na hautoki, na hapo gharama huanza kuelekea kwenye mpya.

Pia inawezekana hakuna kilichoharibika. Tangi la lita 80 kwenye nyuzi 60 hutoa takribani lita 64 za maji moto kweli kabla ya kuchanganyika sana. Ukiyachanganya na ya nyuzi 20 ili upate ya nyuzi 38, yanakuwa lita 142 hivi. Shawa inayotoa lita 9 kwa dakika itayamaliza kwa dakika 16. Familia iliyoongezeka watu wawili imeizidi boila hiyo, na hakuna kipuri cha kulitatua hilo. Shawa inayotoa lita 6 kwa dakika hulitatua kwa bei ndogo kuliko tangi jipya.

Inanguruma, inavuma, inapasuka-pasuka

Ni chokaa. Maji yaliyonaswa kati ya chokaa na ganda la elementi huchemka na kupasuka kuwa mvuke. Watu huambiwa kwamba chokaa hiyo inapandisha sana bili. Kwa boila ya umeme si kweli hivyo: elementi imezama majini, na joto lake lote huishia majini, lichelewe au lisichelewe. Hasara halisi ni kwamba ganda hupata joto kupita lilivyokusudiwa, linapasuka, na mashapo yaliyojaa chini hula nafasi ya maji.

Toa elementi, ilaze kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu yenye gramu 50 za unga wa asidi ya sitriki kwa kila lita, iache saa kadhaa, nguzo za umeme zikiwa nje ya maji. Usichemshe mchanganyiko huo, maana ukiwa moto sana huzalisha mashapo mengine magumu. Chokaa ikilainika, itoe kwa brashi ya nailoni. Mashapo ya ndani ya tangi yakokote kwa mkono au kijiko cha plastiki kupitia tundu la flanji. Patasi na nyundo havina kazi humo, na asidi kali za kusafishia vyoo zisikaribie tangi. Ukikuta ganda la elementi lina ufa, uvimbe au weusi wa kuungua, usiisafishe, nunua nyingine.

Maji ya kutu, maji yenye harufu

Jaza chombo cheupe kwa maji ya baridi na kingine kwa ya moto, kando kwa kando. Yote yakiwa na kutu, chanzo ni mabomba au maji yanayoletwa. Ya moto peke yake yakiwa na kutu, toa lita 20 mfululizo. Yakisafika baada ya lita chache, ni bomba la chuma kati ya boila na bomba la kuogea. Yakibaki vile vile, tangi linajila.

Harufu ya mayai yaliyooza kwenye maji ya moto tu haimaanishi tangi limekufa. Kuna bakteria wanaogeuza salfeti iliyomo majini kuwa gesi ya salfidi ya hidrojeni, na anodi ya magnesi huwarahisishia kazi. Mwaga tangi, lisafishe, pasha hadi nyuzi 65 au 70 kwa saa kadhaa ukiwaonya wote nyumbani, kisha utoe maji hayo. Harufu ikirudi, badilisha anodi iwe ya alumini na zinki, au ile ya titani inayotumia umeme mdogo. Kuondoa anodi na kuacha tundu limezibwa kunamaliza harufu kweli, na kunamaliza tangi pia.

Flanji ikifunguka ndipo ukweli hupatikana

Enameli ni aina ya kioo, na tangi halitoki kiwandani bila vitundu vidogo visivyoonekana. Anodi ya magnesi huliwa ili chuma cha kwenye vitundu hivyo kisiliwe. Ikiisha, zamu ni ya tangi. Anodi mpya ya boila ndogo huwa na unene wa milimita 20 na kitu. Ibadilishe ikipungua hadi nusu, au waya wa katikati ukionekana popote. Kuikagua kila baada ya mwaka 1 au 2 kunatosha kwa maji ya kawaida. Maji ya chumvi au yaliyolainishwa kwa mtambo huila haraka, kwa hiyo kwa hayo kagua kila mwaka.

Kwa hiyo kabla ya kulipia tengenezo lolote kubwa, mwaga tangi, fungua, ingiza tochi na kioo kidogo. Enameli inayong'aa, hata ikiwa na madoa ya chokaa, ni tangi zima. Vidoadoa vya kutu vya ukubwa wa kichwa cha pini, na anodi bado ipo kidogo: weka anodi mpya, tangi litaendelea. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye mshono wa kuchomelea, malengelenge, au magamba yanayobanduka kwa kucha: funga ulivyofungua, usinunue hata gasketi zaidi ya ile ya kuifanya iendelee hadi mpya ifike. Ukikuta waya mtupu wa anodi unaning'inia, usikate tamaa wala usifurahi, itazame enameli kwanza.

Matangi ya chuma cha pua mengi hayana anodi, na hapo hukumu ni mishono. Maji yenye chumvi nyingi hukipasua chuma hicho kwenye mishono, na ufa mmoja huwa una wenzake.

Fedha

Tangi likiwa bovu, hesabu hii haina maana. Likiwa zima, jumlisha vipuri vyote utakavyohitaji, ukihesabu gasketi na anodi kila mara hata kama hazikuwa tatizo, pamoja na ufundi. Linganisha na bei ya boila mpya ikiwa imefungwa ukutani, si bei ya dukani. Ikiwa chini ya robo, tengeneza, hata boila iwe na miaka 12. Ikizidi nusu, nunua. Kati ya hapo, kama imevuka miaka 8 na vipuri vyake vinatafutwa kwa shida, egemea kwenye mpya, na kama ni changa tengeneza. Usisahau kusoma hati ya dhamana: dhamana ya tangi mara nyingi ni ndefu kuliko ya sehemu za umeme, na mara nyingi hudai uthibitisho kwamba anodi ilikaguliwa.

Wauzaji watakuambia mpya itajilipa kwa umeme utakaookoa. Pima kabla ya kuamini. Pasha hadi taa izime, toa kikombe, pima joto, zima breka na msitumie maji ya moto kwa saa 12, kisha pima tena baada ya kumwaga maji yaliyolala kwenye bomba. Lita 80 zikishuka kutoka nyuzi 60 hadi 50, zimepoteza 80 × 10 × 1.163 ÷ 1,000, yaani karibu uniti 0.93, sawa na 1.9 kwa siku nzima. Kama mpya unayoitazama imeandikwa hupoteza 1.1 kwa siku, tofauti ni 0.8, ambayo kwa mwaka ni uniti 292. Zidisha kwa bei yako ya uniti. Hiyo ni kwa boila inayoachwa imewaka mchana na usiku. Kama unaiwasha kabla ya kuoga tu, akiba hiyo inapungua sana, na haiwezi kuwa sababu ya kutupa tangi zima.

Ukiamua kubadilisha

Usirudishe vali ya zamani, mipira ya zamani wala bolti za ukutani zilizoota kutu. Boila ya lita 80 ikijaa huvuka kilo 100, na inahitaji bolti za milimita 10 au 12 kwenye ukuta wa tofali lililojaa. Matofali yenye mashimo yanahitaji vishikilio vyake maalumu au fremu ya kusimamia. Mabomba yakiwa ya shaba, weka kiungo kinachotenganisha metali mbili, la sivyo chuma cha kwenye nyuzi za tangi kitaliwa kwanza. Koki isiwekwe kati ya vali ya usalama na tangi.

Jaza kabla ya kuwasha, kwa sababu elementi iliyo wazi hewani huungua haraka sana. Fungua bomba la maji ya moto lililo mbali zaidi, fungua koki ya kuingiza, na usubiri hadi yatoke mfululizo bila kukohoa hewa. Ndipo uwashe, huku ukitazama vali ikianza kudondosha joto linavyopanda. Siku inayofuata, umeme umezimwa na maji yamepoa, pitia nati za flanji tena kwa spana, kisha andika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye bati, karibu na mfuniko: tarehe ya kufungwa, ukubwa wa gasketi, na mwezi wa kufungua kuikagua anodi.